Kamera ya Nne, Banda la Ndama

Nilikuwa uani napara samaki, magamba yamenirukia mpaka kwenye nyusi, simu ikalia. Sikutaka kuipokea. Mtu akimpigia fundi wa kamera saa tisa na nusu alasiri ana mambo mawili tu: ama ng'ombe wake ametafuna waya, ama ameona jini.

Kwa majini nina uzoefu. Mwaka wa sita huu natunza kamera za mashamba, toka Tongoni mpaka Horohoro, na majini yote niliyoitiwa nimeyafuta kwa kitambaa. Ni buibui. Kamera ikiingia usiku huwasha taa zake ambazo jicho la mtu halizioni. Wadudu wanazifuata, buibui anawafuata wadudu, anatanda utando wake mbele ya kioo. Upepo ukiutikisa, mwenye shamba aliyelala mjini anaona kwenye simu yake kitu cheupe chenye mikono kumi kinampungia. Kufika asubuhi ameshachinja mbuzi. Mimi napanda ngazi, nafuta, nashuka. Watu wazima hao, wana hati za mashamba na watoto vyuo vikuu.

Nikaibonyeza simu kwa kidole kidogo, ndicho kilichokuwa na nafuu.

"Mama Najat."

Alikuwa Elizabeti, mke wa Laurenti, mlinzi wa shamba la Bwana Tahiri kule Tongoni. Alinong'ona.

"Sema kwa sauti, nina samaki mkononi."

"Siwezi, dada. Wamemfungia bwana wangu kwenye stoo ya pumba. Wanasema anawanga. Wanasema wamemwona kwenye kamera."

"Nani wanasema?"

"Wote. Bwana Tahiri mwenyewe yupo. Ameleta mganga. Wanangoja magharibi ipite wamnyoe, wamchanje, akiri. Na asipokiri…" Nyuma yake nilisikia wanaume wakicheka, kile kicheko cha watu walio wengi. "Vijana wana galoni, Mama Najat. Lina petroli."

Nikanawa mikono. Harufu haikutoka.

"Najat! Njoo umalizie samaki. Usiwakaange mpaka nirudi."

"Waenda wapi, mama?"

"Kwa wapumbavu."

Pikipiki yangu inajulikana Ngamiani nzima, na wazee wa barazani hawajaacha kuitazama kama vile nimepanda fisi. Nikapita vichochoroni nikitukanwa na wapiga kengele za baiskeli, nikaingia barabara ya Pangani. Kwenye kituo cha mafuta nikasimama, nikafungua ujumbe ambao Tahiri alinitumia tangu asubuhi na mimi nikaupuuza.

Ilikuwa picha ya video ya kamera ya nne, ile ya banda la ndama. Ni ya usiku, nyeusi na nyeupe. Mwanamume kifua wazi, shuka kiunoni, anazunguka banda. Ana sufuria. Anainama, anachota, anamwaga. Anainama tena. Mara tatu anazunguka. Kisha anatazama huku na huku na kuondoka. Alikuwa Laurenti, hilo halina ubishi. Kwenye kona ya picha palikuwa na tarehe ya Jumamosi, na saa: 01:14.

Chini yake Tahiri ameandika: *Saa saba na robo usiku wa kuamkia Jumamosi. Saa hiyo hiyo watu hamsini walikuwa naye kijijini kwenye hitma, anapasua kuni. Jumapili ndama mmoja amekufa, jana wa pili. Fundi, mtu mmoja anakuwaje pahala pawili?*

Wakati anaandika maneno hayo, yule mtu aliyewapasulia kuni usiku kucha, Mkristo kwenye hitma ya Waislamu, bila hata kuombwa, walikuwa wameshamfungia. Wali wa hitma walikuwa hawajaumaliza tumboni.

Nikafika saa kumi na moja na ushei. Walikuwa watu kama thelathini kwenye uwanja wa mabanda, wengi wao sijapata kuwaona wakifanya kazi yoyote. Tahiri alikuwa katikati, kanzu imepigwa pasi, simu mbili mkononi, uso umemvimba kwa umuhimu. Mganga alikuwa mwanamke, Bi Mwanamkasi, ameletwa kutoka upande wa Horohoro. Wamemweka kwenye kiti cha plastiki, wamempa soda baridi, na mkoba wake wa ngozi upo miguuni kama paka. Galoni lilikuwa chini ya mnazi. Kijana mmoja amelikalia.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia mganga. Adabu ni adabu, hata kwa tapeli.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kamera?"

"Ndiye."

"Macho yako yametusaidia."

"Macho yangu yana kazi yake. Hayo ya kusaidia wavivu sijayaweka."

Wenzake wakaguna. Yeye akacheka, akanywa soda.

Kazi yangu naianza vilevile kila siku: nachukua ngazi, nafuta vioo, ndipo naangalia mashine ya kurekodi. Nikamwomba Elizabeti ufunguo, nikafungua mnyororo, nikatoa ngazi kwenye stoo ya vifaa. Kamera ya kwanza, getini, utando. Ya pili, utando na kinyesi cha mjusi. Ya tatu sikuhangaika nayo. Nikapanda kwenye ya nne.

Kioo kilikuwa safi.

Mwezi mzima sikuwa nimefika pale. Vumbi la pumba lilikuwa limeganda kwenye kamera yote, nene kama unga, lakini kioo chenyewe kilikuwa kimefutwa vizuri. Miduara miwili, toka katikati kwenda nje. Mtu asiyejua kazi hufuta kwenda na kurudi, akaacha michirizi.

"Elizabeti, nani amefuta hii?"

Alikuwa ameshika ngazi. Akaniangalia. Hakunijibu. Nikadhani hofu imemziba masikio, nikashuka.

Chumba cha mashine kimepakana na stoo ya pumba. Ni kidogo, kina dirisha moja, kinanuka maziwa yaliyochacha. Nikawasha kioo cha mashine. Picha nne zikatokea, uwanja mzima na watu wake wakizurura kama kuku, jua bado liko kwenye makuti. Na kwenye kona, tarehe ya jana. Saa 23:31.

Nikatazama simu yangu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na moja jioni, leo.

Nikaketi juu ya ndoo.

Ukuta kati yangu na stoo ulikuwa wa mbao, una nyufa. Nikasogeza mdomo.

"Laurenti."

"Mama." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyepigwa mdomoni.

"Umegusa saa ya mashine?"

"Niliirekebisha, mama. Umeme ulikatika siku mbili, ukarudi, mashine ikawa inasema ni mwaka elfu mbili. Nikaandika tarehe upya kama ulivyonifundisha."

"Na saa?"

"Na saa."

"Uliandika ngapi?"

"Ilikuwa saa moja jioni. Nikaandika moja."

Ningekuwa mahali pengine ningecheka. Mashine ile imetengenezwa na watu wanaoanza kuhesabu siku usiku wa manane. Sisi jua likichwa ni saa moja ya usiku unaokuja, na mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Laurenti akaandika moja, akaridhika, akaenda kukamua. Mashine ikadhani ni saa saba za usiku uliopita, na toka siku hiyo ikawa nyuma kwa saa kumi na nane. Nilimfundisha vitufe, saa sikumfundisha. Kosa ni langu kama lilivyo lake, na kati yetu wawili ni yeye aliyefungiwa na pumba.

Nikatoka mlangoni.

"Bwana Tahiri! Njoo hapa. Na wewe bibi, njoo. Na ninyi wengine wenye macho."

Wakasongamana. Nikawaonyesha kioo.

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi," akasema Tahiri, akajipungia mkono, akajiona akijipungia.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Soma saa hapo kwenye kona."

Akasoma. Akasoma tena, midomo inacheza. "Saa… tano na nusu usiku? Ya jana?"

"Ni usiku huu? Hilo jua ni nini, karabai?"

Nikawaeleza polepole, kama ninavyomweleza Hasina wangu, na Hasina ana miaka minne. Picha yao ya Laurenti haikuwa ya usiku wa hitma. Ilikuwa ya Jumamosi, saa moja na robo jioni, giza ndiyo kwanza limeingia. Mtu yuko kazini kwake, jioni, kwenye banda anapolipwa kulilinda.

"Na kile alichokuwa anamwaga?" akauliza kijana wa galoni.

"Majivu," akasema Elizabeti kwa nyuma. Ndiyo mara ya kwanza kuinua sauti. "Siafu waliingia kwa ndama. Laurenti alikuwa anaoga, akatoka na shuka. Majivu nilimpa mimi, ya jikoni kwangu. Ugali ulikuwa mekoni."

"Ndama wamekufaje, yakhe?" Tahiri hakutaka kuachia.

"Ndigana," nikamjibu. "Homa ya kupe. Wewe hujaogesha mifugo toka mvua ziishe, kwa sababu hela ya dawa umenunulia simu ya pili. Daktari wa mifugo yuko mjini, ungemwita angekwambia bure."

Baadhi yao wakacheka. Umati ukishacheka umeanza kuvunjika, hilo nalijua. Nikaona kijana mmoja anajifuta vumbi makalioni, tayari kuondoka. Nikajiona nimeshinda. Nilijisikia vizuri kuwa peke yangu mwenye akili kwenye uwanja ule. Najisema mwenyewe, sijifichi.

Ndipo Bi Mwanamkasi akaweka chini chupa ya soda.

"Ya saa nimekubali," akasema. "Mtoto kasoma, kasema kweli. Sasa ile saa saba na robo ya kweli, usiku ule wa hitma, ambao Laurenti alikuwa kijijini, mashine inayo?"

"Inayo."

"Tuonyeshe basi. Banda likiwa tupu, mimi nafunga mkoba wangu naondoka, na huyu bwana anafunguliwa. Nimesema mbele ya watu."

"Sawa," nikasema.

Sikufikiria hata kidogo. Nilijua ni banda tupu na ndama wanacheua.

Adhana ya magharibi ikalia kijijini. Wakatawanyika kutafuta maji na mikeka. Mimi nilikuwa mwezini, sina sala, nikabaki chumbani peke yangu, nikarudisha mlango.

Nikahesabu kwa vidole. Saa saba na robo usiku wa kuamkia Jumamosi, toa saa kumi na nane. Kwa mashine ni Ijumaa, 07:14. Nikaandika 07:05, nikabonyeza.

Banda. Ndama wanne, wakati huo bado wote wazima. Wamelala. Mbwa wa Laurenti amejikunja mlangoni, macho yake nukta mbili za mwanga.

Nikasukuma picha mbele.

07:10. Hakuna kitu.

07:12. Ndama wote wanne wakainuka kwa pamoja.

Nikasimamisha, nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Kwa kawaida ndama mmoja hushtuka, wenzake wakamfuata. Hawa walisimama kama watu waliosikia jina la mkubwa likitajwa.

07:13. Mbwa akanyanyua kichwa. Akatikisa mkia.

Halafu akaingia mtu.

Alikuwa mwanamke. Amevaa dera, na juu yake kizibao cha kung'aa, kile cha mafundi. Taa za kamera zilikipiga kikawa cheupe, kikameza kichwa na mabega. Alikuja kinyumenyume. Akazunguka banda kinyumenyume, taratibu, mkono wa kulia unachota hewani na kumwaga. Hakuwa na sufuria. Hakuwa na kitu.

Mara ya kwanza.

Mara ya pili.

Goti lake la kushoto lilikuwa halikunji vizuri.

Langu la kushoto nililiumiza mwaka juzi, nilipoanguka na ngazi Muheza.

Mara ya tatu. Akafika chini ya kamera, akapotea kwenye picha. Nikapumua. Nikasema, haya, mke wa mtu mmoja kijijini, kizibao nilikisahau hapa mwezi uliopita, kila mtu anaweza kukivaa, na magoti mabovu ni mengi…

Picha ikatikisika.

Mkono ukaja mbele ya kioo. Una kitambaa. Ukafuta mduara. Ukafuta mduara wa pili. Kwenye kifundo palikuwa na kovu la chuma cha kulehemu, refu kama punje ya mchele. Langu liko hapohapo. Kisha kioo kikaingia ukungu, kama mtu amekihemea.

Kamera ile iko juu mita tatu. Ngazi usiku huo ilikuwa stoo ya vifaa, imefungwa kwa mnyororo.

Ukungu ukaanza kutoka, toka pembeni kuja katikati.

Uso ulikuwa karibu sana, umejaa kioo kizima. Ulikuwa uso wangu.

Macho yamefungwa.

Alikuwa amelala.

Sijui nilikaa muda gani. Feni ya mashine ilikuwa inavuma. Nilisikia harufu ya samaki, mbichi, nzito, nikageuka kutazama nani ameingia. Ilikuwa mikono yangu mwenyewe, nimejishika mdomo.

Ijumaa ile nililala kwangu Ngamiani. Ayubu, mume wangu, alikuwa kando yangu, Hasina miguuni. Nililala saa nne, nikaamka kwa adhana ya alfajiri. Ndivyo ninavyojua. Nikajiambia yale ninayowaambia wateja: nyuso za usiku kwenye kamera hufanana, taa zile hufuta sura, usiangalie sana. Mwaka wa sita nayasema. Wanitikiapo huwa nawadharau kwa kunitikia upesi. Sasa mwenyewe nilijitikia, na haikusaidia.

Nje walikuwa wanatoa salamu za mwisho za sala.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Nikiwaonyesha, Laurenti anatoka stoo na mimi naingia. Galoni liko palepale. Nina watoto watatu, mama mkwe asiyeona vizuri, na mume mwema ambaye hajui hata viberiti viko wapi.

Na nikisema sioni kitu, watadai kuona.

Nikafungua orodha ya mashine, nikashuka mpaka mwisho. *Futa yote.* Ikaniuliza kama nina hakika. Mashine huuliza hivyo mara mbili. Nikajibu ndiyo mara mbili.

Waliporudi, kioo kilionyesha uwanja tu, wao wenyewe wakija, weusi na weupe. Kamera zilikuwa zimeshaingia usiku.

"Haya," akasema Tahiri.

"Hakuna. Diski imejaa, mashine hizi zikijaa hufuta za zamani. Ya Ijumaa imeshafutika."

Bi Mwanamkasi alikuwa amesimama mlangoni, mtandio mabegani. Akanitazama kwanza mikono, halafu goti, halafu uso.

"Imefutika," akasema, "au umeifuta?"

Nikasikia nyuma yake mtu anasema, "Basi huyo mlinzi ana wenzake." Nikasikia kifuniko cha galoni kinazungushwa. Sauti ndogo tu. Halafu harufu.

Ukiwa mama unajifunza kitu kimoja: ukiogopa, pandisha sauti. Nikamsukuma Tahiri, nikatoka mpaka katikati ya uwanja.

"Tazameni juu! Wote! Kamera ya kwanza pale getini. Ya pili pale kwenye tangi. Ya tatu ukutani. Ya nne hiyo juu ya kichwa chako, wewe mwenye galoni. Zina taa, zinawaona gizani kuliko mchana. Na hizi za leo hazijafutika. Laurenti akiguswa unywele, nyuso zenu zote ziko kituo cha polisi kesho saa mbili, na ya kwako Bwana Tahiri ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ndiwe unayejipungia mkono."

Ungewaona. Wanaume waliokuja kuchoma mtu wakavuta kofia usoni. Mwingine akajifunika kanzu ya mwenzake. Aliyekuwa na galoni akaliweka chini polepole, akalisogeza kwa mguu, kana kwamba ni la jirani. Dakika tano hazikufika, uwanja ulibaki na makandambili mawili, yote ya kushoto.

Tahiri alifungua stoo mwenyewe. Ufunguo uligonga kufuli mara tatu kabla haujaingia. Laurenti akatoka, pumba mwilini mzima, mdomo umevimba, mguu mmoja hauna kiatu. Akamsalimu tajiri wake. Alimsalimu, jamani. Nikamwambia anyamaze apande pikipiki.

Bi Mwanamkasi alikuwa anafunga mkoba. Nilipopita akanishika kanga, kwa vidole viwili, kama anapima kitambaa dukani.

"Usijitese, mwanangu," akanong'ona. "Aliyelala hana kosa."

Sikuwa nimemwambia mtu kuhusu macho.

Nikaondoa mkono wake, nikawasha pikipiki. Tukarudi mshikaki, mimi mbele, Laurenti katikati, Elizabeti nyuma. Mara mbili nilitazama kioo cha pembeni. Nilitazama barabara tu, uso wangu niliukwepa.

Nyumbani Najat alikuwa amewakaanga samaki, maana nilimwambia asiwakaange. Ayubu akaleta mkeka wa pili, akamwangalia Laurenti mdomo, akanikonyeza nimweleze, nikamkonyeza kuwa baadaye. Mama mkwe wangu, Bi Mboni, akauliza ni nani hao, akaambiwa ni wageni, akasema karibuni na kuendelea na tasbihi yake. Nikatoka uani kuchukua maji ya kunawa. Elizabeti akanifuata.

Akashika birika, akanimiminia. Maji mengine yakamwagika miguuni.

"Mama Najat. Asante kwa bwana wangu."

"Haya. Tukale."

"Ijumaa nilikuwa macho." Aliongea akitazama maji. "Laurenti hayupo, nilikuwa na hofu, nikachungulia dirishani. Sikumwambia mtu. Sitamwambia mtu. Na leo, ilipokuwa vile, nikasema nimpigie nani… nikaona bora nikupigie wewe."

"Kwa nini mimi?"

Akatazama mlangoni kwanza.

"Mbwa hakubweka, dada," akasema. "Anakujua."

Nilimpokonya birika nikaingia ndani.

Nikapakua. Wali kwenye sinia mbili, mchuzi, samaki, pilipili ya mbuzi pembeni kwa ajili ya Ayubu. Nikawahesabu kama ninavyowahesabu kila usiku, maana usipohesabu nyumba hii atakosekana mmoja yuko kwa jirani anatazama mpira. Ayubu. Bi Mboni. Najat. Uweso wangu wa kati, amenawa mkono mmoja. Hasina, amesinzia, nikamkalisha vizuri. Laurenti. Elizabeti. Na mimi. Nane. Wote wapo.

"Bismillahi," akasema Ayubu.

Laurenti akafanya ishara yake ya msalaba, akaingiza mkono kwenye sinia. Elizabeti akamshika kifundo, polepole tu, akauweka mkono wake chini. Wawili wale hawakula. Walikuwa wananitazama vidole, wakingoja nianze mimi.

Nikamega tonge, nikalitia mdomoni, nikatafuna mbele yao, nikameza. Nikafumbua mdomo kidogo waone.

Ndipo Elizabeti akanyoosha mkono kwenye sinia.